Bibi Harusi Aliyetoka Mwembamba

Alhamisi, Novemba 2008. Nachingwea.

Joto la leo halina adabu. Mawingu yamekaa upande wa Ruangwa tangu asubuhi, yanatutazama tu, hayanyeshi wala hayaondoki. Vumbi la malori ya korosho limeingia mpaka ndani ya kibodi. Nimepitia hapa duka la intaneti kabla ya kwenda nyumbani, maana nikifika nyumbani nitawasha jiko, nitaanza kumenya vitunguu, na nitajidanganya kwamba nimesahau.

Sijasahau. Kuna mwanamke aliyekufa yumo ndani ya kompyuta yangu.

Najua mtakavyosema mnaonifahamu. "Somoe naye kwa kukuza mambo!" Haya, kuzeni na nyie. Mimi si mtu wa mashetani. Nimepiga video za harusi, maulidi na sherehe za watoto kutoka jandoni kwa miaka mingi, na watu wengi niliowapiga wameshatangulia. Kanda zao ziko kabatini, na mimi nalala fofofo. Huyu wa safari hii amenishinda.

Nianze mwanzo, la sivyo nitalia hapa mbele za watu wanaosoma matokeo ya mpira.

Mwaka juzi kulikuwa na harusi Matambarale, huko upande wa Ruangwa. Kazi ya video sikupewa mimi. Kaka wa bibi harusi, Hamisi, alikuja kutoka Dar na kamera yake ndogo inayoenea kiganjani, isiyotumia kanda, eti kila kitu kinaingia humohumo ndani. Mimi nilikwenda kama mgeni mwalikwa, nikala pilau la watu nikiwa nimenuna. Nilimcheka Hamisi kimoyomoyo: kamera gani hiyo kama sabuni? Bibi harusi mwenyewe nilimjua toka alipokuwa anauza maandazi stendi. Mnene, mweusi wa kung'aa, kicheko chake unakisikia kabla hujamuona.

Haukupita muda akaanza kuugua. Sisemi ugonjwa gani, kwetu hatuulizi. Uliomkuta ulimla taratibu. Mume, ugonjwa ulipomtisha, alirudi kwao Tunduru na picha zote za karatasi za harusi, hajaonekana tena, na sijui alizitakia nini. Binti akarudi kwa mama yake, akalala kitandani, na mama ndiye aliyemwosha, akamlisha, akamgeuza, mpaka alipomfumba macho.

Arobaini yake ni kesho.

Jina lake sitaliandika leo. Ukoo wao una mwiko: akifa mtu, jina lake halitajwi mpaka arobaini, siku ambayo mjomba wa ukoo anasimama na kulikabidhi kwa mtoto. Mjomba ndiye mwenye neno kwao, baba husikiliza tu. Mpaka siku hiyo jina linakuwa halina mtu, na kulitaja ni kama kugonga nyumba iliyofungwa. Mimi si wa ukoo wao, ningeweza kuandika na nisidhurike. Lakini nimeshindwa. Nimeandika herufi ya kwanza hapa nikaifuta.

Sasa fikirini habari ya mama yake. Maisha yake yote tangu azae tumemwita kwa jina la huyo binti, Mama Fulani, na huyo Fulani ndiye hatajwi. Kwa hiyo na mama naye hana jina. Siku aliyokuja kwangu nililianza kwa mazoea, "Karibu Mama..." nikaliona jina limesimama kati yetu, nikalimeza. Hapo mlangoni yeye ndiye aliyenisaidia. Akasema, "Niite Binti Mfaume. Ndivyo nilivyokuwa zamani."

Basi nitamwita hivyo.

Binti Mfaume alikuja na CD ameifunga kwenye ncha ya khanga. Hamisi alikuwa ameituma kwa basi. Ilikuwa harusi yote, alivyoitoa kwenye kamera yake. Alikaa kwenye kiti cha wateja, miguu haijafika chini vizuri, akaniambia kitu ambacho tangu siku hiyo hakijanitoka. Kiswahili chake ni cha kuchagua maneno, maana nyumbani wanasema Kimwera, na labda ndiyo sababu kila neno liliniingia.

"Somoe, mwanangu. Mimi nikifumba macho namuona yule wa kitandani. Yule wa kitandani tu. Yule mwingine wa mwanzo nimemtafuta, hayupo."

Akaanza kulifungua fundo la khanga.

"Siku ya arobaini mtoto nitamshika mimi. Jina nitamwita mimi, sikioni. Sasa nikimwita na sura ile machoni, si nitampa na ugonjwa?"

Mtoto mwenyewe ni kichanga cha mdogo wa marehemu, cha kike, kimezaliwa juzijuzi tu, hata kitovu sidhani kama kimekauka sawasawa. Ndicho kitakachobeba jina. Mama alikuwa anataka kitu kimoja kwangu: amuone binti yake mzima, amshibe kwa macho, ndipo akamshike mtoto. Nikamwambia, hilo dogo, mama. Weka hapo. Wala usiwe na wasiwasi.

Mdomo wangu huu! Ungekuwa na mlango ningeutia kufuli.

Niliitia ile CD kwenye kompyuta. Mafaili nikayaona, majina yake ya ajabuajabu, kila moja limeishia na herufi ambazo maishani sijaziona. Nikabonyeza, kompyuta ikaniambia haijui hicho ni kitu gani. Nikabonyeza lingine, jibu lilelile. Nikampigia Hamisi Dar. "Dada, kwangu yanafunguka," akasema, kwa sauti ya mtu aliye kwenye foleni ya kitu. Kwake yanafunguka kwa sababu kamera ilikuja na programu yake. Programu iko wapi? Ilikwenda na kamera. Kamera iko wapi? Aliiuza mwenyewe, wakati dada yake anahitaji dawa.

Nilimpa pole, nikakata simu.

Basi ikawa ndiyo kazi. Vijana wanasema kukonvati, yaani kugeuza faili liwe la aina nyingine, mimi nasema kubembeleza. Nilikuja hapahapa dukani nikasoma kurasa za Wazungu wanaogombana kuhusu kamera hizo. Mmoja akasema wala si kitu, badilisha tu zile herufi za mwisho, ndani ni video ya kawaida. Nikarudi, nikabadilisha, nikabonyeza.

Ikafunguka. Bila sauti.

Sijui niwaelezeje. Uwanja wa Matambarale mchana, watu wamejaa, ngoma inapigwa kwa nguvu zote, na hakuna hata mdundo. Wanawake wanapiga vigelegele kimya. Halafu bibi harusi anatoka mlangoni, anageuka, ananitazama usoni mimi, Somoe, na anasema kitu. Mdomo unafunguka na kufunga. Anacheka. Mimi hapa sisikii kitu ila feni ya kompyuta. Nilirudisha nyuma mara nyingi nikijaribu kusoma midomo yake. Mwishowe niliifunika skrini kwa kitambaa cha meza nikaenda kununua sukari ambayo sikuwa na haja nayo.

Nikatafuta programu nyingine. Hiyo nayo ikanipa sauti, ikakataa picha. Kioo cheusi, na humo ndani watu wa Matambarale wanaimba. Nilikuwa nafagia studio mchana kweupe, jua liko utosini, niliposikia nyuma yangu: "Usinikaribie na limashine lako hilo, nitatoka mnene!" Na kile kicheko.

Ufagio ulinidondoka. Niligeuka kabisa kumwangalia, nikijua fika hayupo.

Kwa hiyo ndivyo alivyokuwa anasema. Mdomo nilikuwa nao upande huu, maneno nayo upande ule, na mwenyewe yuko chini ya udongo. Kazi yangu ikawa kuviunganisha. Nilipoviweka pamoja havikukaa. Sauti ilitangulia, mdomo ukafuata. Alicheka kwanza, ndipo akafungua kinywa. Hiyo sitaki kuikumbuka. Nikamtafuta mpiga ngoma, nikalinganisha fimbo yake inapogusa ngozi na mdundo unapolia, nikavuta sauti kidogokidogo mpaka vikakutana. Umeme nao ulikuwa unakatika kila kazi inapokaribia kwisha, naanza upya. Siku zikaisha hivyo. Sikuwa naota ndoto mbaya, niseme ukweli. Nilikuwa naota yule binti ameganda pale anapogeuka, na mimi nangoja amalizie kugeuka.

Jana ikakamilika. Picha ipo, sauti ipo, mdomo na maneno pamoja. Kwa furaha niliyokuwa nayo, nilipiga kigelegele peke yangu, jirani fundi cherehani akachungulia. Nikatuma ujumbe Matambarale: mama aje.

Leo amekuja. Amepanda lori la korosho, dereva akamwambia akimaliza kushusha mzigo ghalani anarudi Ruangwa alasiri, asipomkuta anamwacha. Mama akanawa uso kwenye ndoo yangu. Akajifunga khanga upya, kama mtu anayeingia kwa wakwe. Akakaa. Nikabonyeza.

Ngoma ikalia. Watu wakatokea. Binti Mfaume akainama mbele, akawatambua mmoja mmoja. Mlango ukafunguliwa, bibi harusi akatoka.

Nilimwona mama mkono ukipanda mdomoni. Akasimama, akajifunika khanga gubigubi mpaka usoni, akatoka nje, akakaa chini kwenye baraza ameuelekea ukuta.

Nikamfuata. "Mama, vipi?"

"Ni yuleyule," akasema ndani ya khanga. "Umeniletea yule wa kitandani. Umemvalisha nguo za harusi."

Nikarudi ndani, nikatazama, na safari hii nikatazama kwa macho ya mama. Ya rabi! Bibi harusi alikuwa mwembamba. Mashavu yamebonyea, shingo ndefu, mikono imekonda ndani ya hina. Ndivyo alivyokuwa mwishoni kabisa, nilipokwenda kumjulia hali. Siku zote hizo nilikuwa natafuta sauti, naganga midomo, sura sikuiangalia. Au niliiangalia nikaona ni sawa, maana kwangu mimi pia ya mwisho ilishaifukuza ya mwanzo.

Nikaanza hata kufikiria labda alishaanza kuugua siku ile na sisi hatukuona, tulikuwa tunakula pilau. Nikaendelea kuitazama ile picha iliyoganda, na nyuma ya bibi harusi kulikuwa na baiskeli imeegemezwa ukutani.

Tairi lilikuwa kama yai.

Yai lililosimama. Nikatazama sufuria la pilau: limerefuka kama ndoo. Mpiga ngoma, ambaye namjua, baba mmoja mfupi mnene wa Ruangwa, yuko kama mlingoti. Lo! Wote walikuwa wamekonda! Kumbe kamera ya Hamisi ilipiga picha pana, na mimi nilipoyabadilisha mafaili kompyuta yangu ikaibana ile picha pembeni ili ienee kwenye kioo chake cha zamani. Haikumkondesha yeye peke yake. Ilikondesha harusi nzima.

Nikatafuta pa kuipanua. Nikashika mausi. Nikavuta upana, nalitazama tairi. Yai likalegea, likalegea, likawa tairi. Na mwenyewe akarudi! Mashavu, mabega, ule mwili wa stendi, wa maandazi. Nikatoka mbio. "Mama, njoo. Ilikuwa mashine. Njoo umuone."

"Nimeshamuona."

"Yule hakuwa yeye, mama, ni kompyuta ilimbana."

"Somoe, nimeshamuona mara mbili sasa. Usinionyeshe mara ya tatu."

Hakunikasirikia. Angenikasirikia ningejua la kusema. Kule ghalani honi ya lori ikalia, ya kwanza, ya kuita watu. Akaanza kutafuta ndala zake kwa kupapasa, khanga bado iko usoni. Nikaona kabisa anavyokwenda: amekaa juu ya magunia matupu mpaka Matambarale, na kesho asubuhi amebeba kichanga, na nyuma ya macho yake ile sura, imefanywa upya, na mimi ndiye niliyeifanya.

Nikarudi ndani, nikafungulia sauti mpaka mwisho, nikaacha harusi iende.

Ngoma ikatoka mpaka barabarani. Fundi cherehani akaacha kushona. Vigelegele. Mlango. Halafu sauti ya binti, kubwa, ya kuchokoza, ikajaza baraza lote:

"Usinikaribie na limashine lako hilo, nitatoka mnene!"

Na kutoka kule nje, ndani ya khanga, kabla hajafikiri, mama yake akamjibu.

"Unene gani, wewe! Unene gani huo!"

Ndivyo alivyokuwa akimjibu siku zote, nadhani. Ilitoka yenyewe. Nikasikia ndala. Alisimama mlangoni, akaishusha khanga kidogo, jicho moja kwanza.

Nikarudisha mwanzo wa mlango. Akatazama. Nikarudisha tena. Hakukaa kwenye kiti, alikuja wima mpaka kwenye kioo, pua karibu igonge. Nilidhani atalia, hakulia. Alikuwa anamkagua, kama unavyomkagua mtoto aliyetoka safari, kama kala, kama kalala.

"Ongeza kidogo," akasema.

"Sauti, mama?"

"Yeye. Mnenepeshe kidogo."

Nikamwambia, mama, hapa ndipo penyewe, ndivyo alivyokuwa. Nikamwonyesha tairi la baiskeli, duara kabisa. Nikamweleza kwamba nikizidisha hapa si yeye tena.

Akanitazama. "Mimi sikuzaa tairi," akasema.

Honi ikalia ya pili.

Nimeongeza. Mungu anisamehe kama kuna la kusamehe. Nilivuta mausi taratibu, natazama uso wa mama badala ya kioo. Tairi likalala, likawa yai upande mwingine, yule baba wa ngoma akawa pipa, na mama bado anaashiria kwa kidole, kidogo, kidogo tena. Mpaka akaacha. Akaweka kiganja kwenye kioo, juu ya shavu, na kioo kile kina joto kama ngozi.

"Huyu," akasema. "Nifungie huyu."

Nikachoma CD mpya, kumnakili humo, tunaomba wote wawili umeme usikatike, na haukukatika. Akaifunga kwenye ncha ya khanga palepale pa mwanzo. Alipokuwa anatoka akageuka mlangoni. "Yule mwembamba mfute," akasema. Nikamjibu nitamfuta. Nilimsindikiza mpaka ghalani, watu wakampa mkono akapanda juu ya magunia matupu, na lori likaondoka naye. Uso ulikuwa wazi. Alikuwa anatabasamu peke yake, kama mtu aliyekumbuka jambo la kuchekesha.

Nilipaswa kufurahi, na nimefurahi. Lakini nilirudi studio nikakaa mbele ya kompyuta, nikaona ninao watatu.

Yupo mwembamba, anayetokea kila nikifungua faili lenyewe, wa mashine. Yupo mnene, aliyekwenda Matambarale ndani ya khanga, wa mama yake. Na katikati yupo wa tairi duara, aliyekuwepo kweli siku ile, aliyekula, akacheza, akatembea juu ya ardhi hii. Huyo hakuna aliyemuomba. Mimi mwenyewe nilimpita kwa mausi nikienda kwa mwingine, na alikaa kwenye kioo muda wa pumzi chache tu.

Huyo ndiye ninayemuona sasa hivi, hapa, katikati ya watu wa mpira. Hanitishi wala hanilaumu. Ananitazama tu, amekaa kama mgeni aliyeketishwa sebuleni akasahauliwa.

Nimemdanganya Binti Mfaume. Sijafuta mtu.

Kesho alfajiri natafuta gari la Ruangwa, nami nikashinde arobainini. Mjomba atasimama, mama atamshika mtoto, jina litaitwa sikioni, na CD ikiwekwa kwenye deki uwanja mzima utamuona yule mnene, na ndivyo inavyotakiwa, kichanga kitaanza nalo vizuri. Mimi nitakaa nyuma na wanawake wa jikoni. Jina likitajwa nitamkumbuka wa katikati, kama alivyokuwa, bila kumvuta huku wala huku. Awepo mtu mmoja wa kumkumbuka huyo.